Nyumba ya bei nafuu kwenye ardhi iliyoganda: jibu kwa msomaji wa Fairbanks

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, muuguzi, naishi Fairbanks, Alaska, pamoja na mume wangu na watoto. Tumepata nyumba ya bei nafuu sana nje kidogo ya mji, chini ya kilima upande wake wa kaskazini. Mwenzangu kazini, Myup'ik, yaani mwenyeji wa asili wa Alaska, kutoka pwani ya magharibi, ameniambia nisitie saini mpaka nijue chini ya nyumba kuna nini, kwa sababu kijiji cha ndugu zake kimehamishwa chote baada ya ardhi kuyeyuka. Sijaelewa. Ardhi inayeyukaje? Na watu wa huku inawaathiri vipi hasa, ukiacha nyumba kuinama?

Jibu: Marahaba, dada. Mwenzako amekupa bure ushauri ambao wengine wameupata baada ya kupoteza nyumba nzima. Msitie saini bado. Nitakueleza kwanza ardhi inavyoyeyuka, halafu yaliyowapata watu wa vijijini, na mwisho nyumba yenu. Yote matatu yanategemea kitu kimoja: kiasi cha barafu kilichofichika ndani ya udongo.

Pamafrosti ni udongo, mchanga au mwamba wowote uliokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Kila kiangazi tabaka lake la juu, pengine nusu mita, pengine mita nzima na zaidi, huyeyuka. Majani yakaota, mbu wakazaliana. Baridi ikirudi tabaka hilo huganda tena. Chini yake hakuyeyuki, na kuna sehemu ambazo zimeganda hivyo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mjini Yakutsk, katika jamhuri ya Sakha huko Siberia, mtu wa biashara aliyeitwa Shergin alianza kuchimbisha kisima mwaka 1828. Wachimbaji walifika mita 116 bila kupata maji, na hapo walipokomea bado palikuwa pameganda.

Fairbanks si Yakutsk. Kwenu pamafrosti iko kwa vipande: kiwanja hiki kinayo, cha jirani hakina. Miteremko inayotazama kusini hupata jua na mara nyingi iko salama, ilhali miteremko ya kaskazini na mabonde ndiko iliko. Tena ile ya kwenu ni ya uvuguvugu kwa kipimo cha pamafrosti, nyuzi moja hivi chini ya sifuri, pengine pungufu ya hapo. Haihitaji joto kubwa kuvuka mpaka.

Hata hivyo si kila ardhi iliyoganda inatisha. Mwamba ukipata joto unabaki mwamba. Kokoto safi zikiyeyuka hushuka kidogo zikatulia. Balaa liko kwenye udongo laini wa vumbi ambao upepo uliuleta zama za barafu na kuulundika mabondeni, kwa kuwa huo unaweza kubeba barafu nyingi kuliko udongo wenyewe. Tukitoboa shimo la kupimia, kipande cha udongo huo hutoka kigumu kiasi kwamba ukikigonga kwa nyundo kinalia. Kisogeze machoni utaona nyuzi za barafu safi, nyingine nyembamba kuliko ukucha, zimepishana na udongo wa kijivu. Kiache kwenye ndoo ndani ya chumba chenye joto, urudi baada ya saa chache. Umbo lote limepotea. Juu yamesimama maji, chini kuna tope jepesi linalonuka mizizi iliyooza. Udongo ule ule asubuhi ungebeba ghorofa. Jioni haubebi hata buti lako.

Halafu kuna kabari za barafu. Wakati wa baridi kali ardhi hupasuka nyufa ndefu. Maji ya theluji huingia humo majira ya kuchipua na kuganda. Mwaka unaofuata ufa hufunguka pale pale. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka, unapata kuta za barafu zenye upana wa mita kadhaa, ambazo mtu anayetembea juu yake hazioni. Huko Fox, karibu kabisa na mji wenu, jeshi la Marekani lilichimba handaki la utafiti ndani ya pamafrosti katika miaka ya 1960, na kabari hizo zinaonekana ukutani pamoja na mifupa ya wanyama wa kale. Mkipata nafasi ya kuingia, nendeni na watoto.

Kinachoyeyusha ni nini? Hali ya hewa, kwanza. Tangu mwaka 1979 Aktiki, yaani eneo la kuzunguka ncha ya kaskazini ya dunia, imepata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia nzima. Lakini mkono wa mtu nao umo, na hili lilipimwa hapo hapo kwenu. Mwaka 1946 watafiti walitenga viwanja vitatu kando ya Farmers Loop Road. Kimoja walikiacha na miti yake. Cha pili walikata miti wakaacha kuvumwani, ile mimea midogo laini inayotandaa ardhini, na mizizi. Cha tatu walikwangua kila kitu mpaka kwenye udongo. Baada ya miaka 26, kile cha kwanza kilikuwa hakijabadilika. Cha pili pamafrosti ilikuwa imeyeyuka mpaka kina cha mita 4 na zaidi, na cha tatu karibu mita 7. Enzi hizo ni wachache waliokuwa wakizungumzia mabadiliko ya tabianchi. Kukwangua majani tu kulitosha. Sasa weka hapo nyumba yenye sakafu ya joto mwaka mzima.

Twende kwenye kijiji. Hukunitajia jina lake, ila kwa maelezo yako nadhani ni Newtok, kwenye mto Ninglick, si mbali na Bahari ya Bering. Wazee wa Wayup'ik wa eneo hilo hawakuwa na kijiji cha kudumu. Walihama na misimu, wakifuata samaki, ndege na sili. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilijenga shule mahali ambapo majahazi ya mizigo yangeweza kufika bila kupanda zaidi mtoni, na shule ikawafunga watu hapo. Uwanja ulichaguliwa kwa kumfaa mwenye jahazi. Sisi tunaopima udongo, tukitazama mahali pale, tunaona bonde la udongo uliojaa barafu kando ya mto mpana, yaani mahali ambapo usingejenga hata banda.

Maji ya mto yalikuwa yanayeyusha ukingo kwa chini, bonge zima la ardhi linaning'inia, kisha linaanguka. Kuna miaka kingo zilirudi nyuma mita 20 na zaidi. Jaa la taka likaenda na mto. Gati la majahazi likaenda, mafuta ya kupashia nyumba joto yakawa shida kufikishwa. Upande wa ndani ardhi yenyewe ilishuka, njia za mbao walizokuwa wakitembelea watoto zikazama kwenye tope, na kwa kuwa nyumba hazikuwa na maji ya bomba wala mifereji ya maji taka, mafuriko yalichanganya vinyesi vya ndoo walizotumia kama vyoo na vidimbwi vya mlangoni. Wewe ni muuguzi. Sihitaji kukueleza hapo kinachofuata.

Wenyewe walichagua pa kuhamia miaka ya 1990: Mertarvik, kwenye kisiwa cha Nelson, kilomita 14 hivi, juu ya mwamba wa volkano. Bunge la Marekani liliidhinisha kubadilishana ardhi mwaka 2003. Familia za kwanza zilihamia Oktoba 2019, na waliobaki walimalizikia mwishoni mwa 2024. Watu 350 hivi, na kazi ya karibu miaka 30. Wahandisi wa jeshi walikuwa wamekadiria gharama kati ya dola milioni 80 na 130. Kijiji kiliomba kitangazwe eneo la maafa ili fedha zipatikane haraka, na Januari 2017 ombi likakataliwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Utaratibu wa misaada ya maafa umejengwa kwa ajili ya kimbunga, tetemeko, moto, kitu chenye tarehe. Ardhi inayoshuka sentimita chache kila mwaka haina tarehe, kwa hiyo mwenye nyumba anabaki peke yake na hasara yake mpaka siku kuta zinapodondoka mtoni. Mwaka 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu vijiji 31 vya wenyeji wa Alaska vilivyo kwenye hatari ya karibu ya mafuriko na mmomonyoko. Shishmaref ilipiga kura ya kuhama mwaka 2002, ikapiga tena 2016. Bado wako pale pale.

Umeuliza kuhusu madhara mengine ukiacha nyumba kuinama. Mara nyingi madhara huanza kwenye chakula. Huko Utqiaġvik, ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, familia za Wainupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, zimechimba maghala ndani ya ardhi iliyoganda, shimo la mita kadhaa unaloshuka kwa ngazi. Humo ndimo nyama ya nyangumi na maktak, yaani ngozi pamoja na mafuta yake, huhifadhiwa. Ghala husafishwa kabla ya msimu wa kuwinda ili nyangumi mpya apate mahali. Nyama hiyo haiuzwi. Nahodha aliyevua huigawa kwa mji mzima, hasa kwenye sherehe ya Nalukataq mwezi Juni. Sasa baadhi ya maghala yanaingia maji au kuta zinabomoka, mengine kwa sababu ya joto, mengine kwa sababu ya majengo na barabara zilizowekwa karibu. Nyama inaharibika. Wengine wamehamia kwenye friza za umeme, lakini umeme huko ni ghali, friza haimezi nyangumi, na ladha ya nyama iliyokomaa taratibu ardhini haipatikani kwenye friza.

Wasakha wa Siberia nao wana ghala kama hilo, wanaliita buluus. Wao ni wafugaji wa ng'ombe na farasi, na malisho yao bora yako kwenye mabonde ya mviringo yaliyotokana na barafu kuyeyuka zamani sana, kwa hiyo usidhani kuyeyuka ni kugeni kwao. Kinachowatisha ni kasi ya sasa. Katika eneo la Churapcha, mashamba yaliyofyekwa enzi za Kisovieti yamefumuka matuta makubwa, mithili ya matuta ya viazi vitamu ila urefu wa mtu, kwa sababu kabari za barafu zimeyeyuka na udongo wa katikati yake umebaki umesimama. Trekta haipiti. Nyumba zilizo juu yake zinapasuka katikati.

Kisha maji. Point Lay, kijiji cha Wainupiat, kilikuwa kinakunywa maji ya ziwa dogo lililozuiwa na ardhi iliyoganda. Mwaka 2016 ukingo uliyeyuka na ziwa likamwagika lote. Mabomba nayo hupinda na kukatika ardhi ikishuka. Unapokosa maji ya kutosha ndani ya nyumba unapunguza kunawa, na utafiti wa vijiji vya Alaska umeonyesha wazi kwamba nyumba zisizo na bomba zina watoto wengi zaidi wanaolazwa kwa nimonia na maambukizi ya ngozi. Nadhani wodini kwenu umewaona baadhi yao bila kujua kilianzia ardhini.

Kuhusu vijidudu vya kale, maana najua swali hilo linakuja: kuna kisa kimoja ambacho ni cha kweli na cha kuhuzunisha. Kiangazi cha 2016, kwenye rasi ya Yamal huko Urusi, joto lilipanda kupita kawaida na kimeta kikalipuka, kimeta hiki hiki kinachoua mifugo na wanyamapori kwetu. Mtoto wa miaka 12 wa wafugaji wa Kinenets alifariki, makumi ya watu wakaugua, na kulungu wa kufugwa zaidi ya 2,000 walikufa. Kimeta kilikuwa hakijaonekana hapo tangu 1941. Mbegu za ugonjwa huo hukaa udongoni miaka mingi sana, na inaaminika kiangazi kile kilizifikisha juu. Ila usisahau upande wa pili: chanjo ya kulungu ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007. Joto lilifungua mlango ambao watu walikuwa wameacha kuulinda.

Habari za virusi vya miaka elfu kufufuka na kumaliza watu, zipunguzie uzito. Brevig Mission, Alaska, watu wazima 72 kati ya 80 walikufa kwa homa ya mafua ndani ya siku chache za Novemba 1918 na kuzikwa kwenye pamafrosti. Daktari Johan Hultin alichukua sampuli za mapafu makaburini humo mwaka 1951 na tena 1997. Mara ya kwanza alijaribu kuotesha kirusi, hakikuota. Mara ya pili wanasayansi walipata vipande vya vinasaba, vikasaidia sana elimu ya mafua, lakini hakukuwa na kirusi hai.

Miji mikubwa nayo haijapona. Tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli huko Norilsk, Urusi, lilipasuka baada ya nguzo zake kushuka, na zaidi ya tani 20,000 zikamwagika, mto Ambarnaya ukageuka mwekundu. Lawama za kwanza ziliangukia pamafrosti. Baadaye wakaguzi wa serikali walitaja pia kasoro za usanifu, ujenzi na usimamizi. Nasisitiza hilo kwa sababu ardhi inayoyeyuka imekuwa kisingizio kizuri kwa wajenzi wabovu. Yakutsk ina watu zaidi ya 300,000 na majengo yake mengi yamesimama juu ya nguzo, na uwazi chini yake ili upepo wa baridi upite na kuifanya ardhi ibaki imeganda. Inawezekana kuishi juu ya barafu. Ni kazi ya kila mwaka, na ina gharama.

Kuna pia suala la kaboni: ardhi hiyo ya kaskazini inahifadhi takribani mara mbili ya kaboni iliyoko angani leo, na ikiyeyuka sehemu yake hutoka kama kaboni dioksaidi na methani. Hilo ni la dunia nzima na linahitaji jibu lake peke yake.

Sasa nyumba yenu. Kwa maelezo uliyonipa, chini ya kilima, upande wa kaskazini, bei ya kutupa, mashaka yangu ni makubwa. Anzeni kwa kutazama miti. Misonobari mifupi, myembamba, myeusi-myeusi, iliyoinama huku na huku, na ardhi laini yenye kuvumwani nene, hiyo ni dalili ya barafu karibu. Miti mirefu yenye magome meupe kwenye ardhi kavu ni habari njema, ingawa si uthibitisho. Tazameni barabara inayoingia: kama ina mawimbi, na wakazi wanasema hutengenezwa kila kiangazi, mmeshapata nusu ya jibu. Ndani ya nyumba, wekeni gololi sakafuni muone inakimbilia wapi. Funga na ufungue kila mlango. Angalieni pembe za juu za madirisha kama kuna nyufa, au rangi mpya mahali pamoja tu. Ingieni chini ya nyumba na tochi. Mkikuta jeki zenye skrubu, msishtuke, huo ni ujenzi wa busara. Ila muulizeni muuzaji na jirani, kila mmoja kwa wakati wake, nyumba imenyanyuliwa mara ngapi na upande gani. Sheria ya Alaska inamtaka muuzaji ajaze fomu ya kueleza kasoro anazozijua. Isomeni neno kwa neno.

Tafuteni pia kumbukumbu za wachimba visima wa viwanja vya jirani, ambazo jimbo huzihifadhi. Mchimbaji huandika alichokipita kila kina, na mkiona ameandika udongo ulioganda au barafu, mmejua mengi bila kulipa senti.

Baada ya hapo ndipo mlipe mtaalamu wa udongo atoboe. Shimo moja halitoshi, kwa sababu kabari inaweza kupita kati ya mashimo. Mawili au matatu, kwenda chini mita 6 hadi 10, mojawapo karibu na kona iliyoshuka kama ipo. Mwambieni mnataka kipimo cha unyevu kwa kila kina, pamoja na joto la ardhi. Wakati mzuri ni mwishoni mwa kiangazi, Septemba hivi, tabaka la juu linapokuwa limeyeyuka mpaka mwisho wake. Gharama itakukera, najua, mshahara wa muuguzi haukosi pa kwenda. Lakini bima nyingi za kawaida za nyumba huko Marekani hazilipii ardhi kusogea au kushuka, na benki itadai mkopo wake hata kama jikoni kumetengana na sebule.

Majibu yakisema ni kokoto, au udongo uliokwisha kuyeyuka na kutulia zamani, nunueni kwa amani. Yakisema kuna barafu nyingi na nyumba ina chumba cha chini ya ardhi chenye joto, au sakafu ya zege iliyolala juu ya udongo, ondokeni. Hiyo haitengenezeki kwa pesa za familia. Yakisema kuna barafu lakini nyumba iko juu ya nguzo au jeki, hapo mnaweza kuzungumza bei, mradi mjue kazi inayowasubiri. Uwazi wa chini usizibwe kamwe wakati wa baridi, hata kama sakafu ina ubaridi. Wekeni kizuizi cha joto kwenye sakafu yenyewe. Theluji ifagiliwe mbali na kuta, kwa kuwa ikirundikana inaizuia baridi isiingie ardhini. Maji ya paa yapelekwe mbali. Bomba la maji taka linalovuja chini ya nyumba ni dharura, lisisubiri wikendi. Na tafadhali, mume wako asifyeke miti na kuvumwani ili apate bustani ya mchicha; apande kwenye masanduku yaliyoinuliwa.

Mwambieni dalali aandike kwenye ofa kwamba ununuzi unategemea matokeo ya udongo na kwamba mnapewa muda wa kutosha kutoboa. Ni sharti la kawaida kabisa Fairbanks. Muuzaji akikataa kipengele hicho, achaneni na nyumba hiyo.